Sekunde Tisa Nilizozikata

Ukitaka kupiga picha mashine ya kutoboa ikiwa kazini, usiweke kamera mbele ya mashine. Iweke nyuma ya bega lako la kulia, juu kidogo, ili anayetazama aione kazi kwa upande ule ule atakaouona siku atakaposimama pale mwenyewe. Mimi ilinichukua miezi minne kulijua jambo hili. Video zangu za mwanzo nilizipiga kutoka mbele, na wanafunzi walipokuja karakana walikuwa wakinyoosha mkono wa kushoto kutafuta mpini ulio kulia. Nikawakaripia. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, sisi tumefanya kama wewe," na alikuwa amesema kweli.

Ninaanza na hilo kwa sababu ninyi mnaoingia sasa katika kazi ya karakana za vyuo mtalihitaji, na kwa sababu ni rahisi kulisema. Yanayofuata si rahisi, na nimeyaandika mara tatu kabla ya hii.

Nilikuwa fundi wa karakana kwa miaka ishirini na miwili katika chuo kikuu kimoja hapa Kilifi, kwenye idara inayofundisha usanifu na ubunifu wa vitu vya matumizi. Sina shahada. Useremala na kazi ya chuma nilifunzwa Malindi na Bwana Kanji, aliyekuwa na duka la samani na vifaa vya ufundi karibu na soko. Kompyuta nilijifunza peke yangu, kwa vitabu vya kuazima na kwa kuharibu. Wanafunzi waliniita mwalimu. Kwenye karatasi za chuo niliandikwa fundi. Tofauti hiyo ilinichoma kuliko nilivyokuwa tayari kukiri, na mtaona ilinifikisha wapi.

Masomo mseto yalipoletwa kwetu, mkuu wa idara, Daktari Muthoni, alituita akatueleza. Mwanafunzi angejifunza nusu ya somo kwenye simu au kompyuta akiwa kwao, kisha aje karakana Ijumaa kufanya kwa mikono. Wahadhiri wawili walinung'unika. Mimi nilifurahi. Nilikuwa na kamera ndogo niliyoinunua mwenyewe, na nilikuwa nimekwisha kujifunza jinsi ya kukata na kuunga video. Daktari Muthoni, ambaye ni mtu wa bara na hupenda maneno machache, alinitazama akasema, "Basi Kazungu, hii kazi ni yako. Tengeneza hizo masomo zote."

Nilitengeneza thelathini na nane. Kila video nilihakikisha ina dakika sita kamili. Sheria hiyo hakuna aliyenipa. Niliona kwamba wanafunzi wengi walitumia data ya simu, na video ndefu iliwashinda, kwa hiyo nikachagua sita. Hapo nilikuwa na busara. Lakini baadaye sita ikawa sifa yangu. Dakika sita na sekunde nne ilinikera kama meza yenye mguu mfupi. Nilikata hadi ikae sawa.

Ya kwanza kabisa ilikuwa na jogoo. Niliipiga nyumbani, na kila nilipofika kwenye jambo la maana yule jogoo wa jirani aliwika. Wanafunzi wakaanza kunisalimu kwa kuwika. Hilo nililistahili, na nililicheka pia. Jifunzeni kurekodi sauti peke yake, baada ya picha, mkiwa ndani na madirisha yamefungwa.

Bwana Kanji hangependa video. Yeye alifundisha akiwa amesimama karibu nawe hivi kwamba ulisikia harufu ya tambuu aliyokuwa akitafuna. Siku moja, nikiwa na mwaka mmoja tu kwake, nilitoboa ubao nikiushika kwa mkono. Hakunipigia kelele. Alizima mashine, akaushika mkono wangu akaulaza juu ya meza, akauliza, "Kazungu, hii bei gani?" Akaendelea, "Jiriwa nauza dukani. Hii siuzi." Jiriwa, kwa asiyejua, ni kile chuma chenye taya mbili kinachobana kazi isiyumbe. Kuanzia siku ile sikutoboa kitu bila kukibana, isipokuwa pale ambapo kwa miaka mingi mkono umeshazoea na mtu hujidanganya kwamba anajua kuliko mashine.

Somo la kumi na saba lilikuwa la kutoboa. Nilipolipiga, taya za jiriwa ziliziba ile ncha inayozunguka, na kwenye picha hakikuonekana kitu ila chuma. Nikaiondoa jiriwa. Nikakishika kipande kwa mkono wa kushoto, nikatoboa, na picha ikatoka safi sana. Nilijua nilichofanya. Kwa hiyo katikati nilisimama, nikainua uso, nikasema: "Hapa nimeondoa jiriwa ili mwone ncha. Ninyi msiiondoe. Fungeni kazi yenu kwanza." Maneno hayo yalichukua sekunde tisa.

Nilipokuja kuunga, video ilikuwa na dakika sita na sekunde tisa.

Tena kichwa changu kilikuwa kimeingia kwenye picha, kipara kikimetameta kwa jasho, kikaziba kazi yote. Nikazikata zile sekunde. Nilijiambia kwamba nitalisema neno lile karakana, Ijumaa, uso kwa uso. Ijumaa ilipofika sikulisema. Zamani, kabla ya masomo mseto, nilikuwa nikiwaonyesha wote kwanza, kisha nasimama kando ya kila mmoja anapotoboa tundu lake la kwanza. Sasa mtandao uliniwekea alama ya kijani mbele ya kila jina, maana yake huyu ametazama somo hadi mwisho. Niliona kijani tupu, nikasema haya, kazini.

Mwanaidi alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtu wa Mambrui. Kazi aliyoichagua ilikuwa kata ya kuchotea maji mtungini, ya kifuu cha nazi, yenye mpini uliopinda ili mtu mwenye mikono inayotetemeka aweze kutia udhu bila kumwaga. Alikuwa amempima nyanya yake, upana wa kiganja na urefu wa vidole, akaandika yote kwenye daftari. Wenzake walimtania, "Mwanaidi, chuo kizima umekuja kusomea kata?" Akawajibu, "Nyinyi mnatengeneza taa za hoteli. Bibi yangu hakai hotelini." Sikupata kuwa na mwanafunzi makini kuliko yeye.

Kifuu ni cha mviringo. Ubao bapa mtu huuweka kwenye jiriwa bila kufikiri, kwa sababu jiriwa ipo pale. Kifuu hakikai. Lazima ukichongee kitako cha mbao kwanza ndipo ukibane. Mwanaidi hakujua hilo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, na alikuwa amemwona mwalimu wake akishika kwa mkono, vizuri kabisa, kwa dakika sita. Akashika kwa mkono. Ncha ikakikamata kifuu, kikazunguka, kikapasuka, na ukingo wake ukapita kwenye mkono wa kushoto. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake, nikimwonyesha mwingine jinsi ya kusoma rula.

Nilimfunga kwa kitambaa safi, nikauinua mkono wake juu, nikampeleka hospitali. Hayo niliyafanya sawasawa. Kano ya kidole cha shahada ilikuwa imekatika. Daktari wa pale alisema kitashonwa, lakini huenda kisikunjike tena.

Alasiri hiyo hiyo nilirudi chuoni, nikafungua somo la kumi na saba, nikatazama. Nilijua kabla ya kutazama.

Sasa niwaeleze nilichofanya, kwa utaratibu, kwa sababu nilikifanya kwa utaratibu. Nilikwenda nyumbani nikachukua shati lile lile la buluu nililovaa kwenye video ya kwanza. Nikaifunga jiriwa kwenye mashine. Nikapiga somo upya, safari hii kazi ikiwa imebanwa, na nikasema kwa sauti kavu, "Usitoboe kitu ambacho hakijabanwa." Nikaikata hadi dakika sita. Nikaipakia mahali pa ile ya zamani, kwa jina lile lile na namba ile ile, kisha nikaifuta ya zamani. Mtandao wetu haukuwaonyesha watazamaji tarehe ya video. Hilo nililijua, kwa kuwa niliupanga mimi. Wanafunzi wengine hawangegundua, maana hakuna anayerudia somo alilokwisha kulimaliza.

Kikao kilifanyika wiki mbili baadaye. Walikuwapo Daktari Muthoni, mhadhiri mmoja wa usalama, mimi, Mwanaidi mwenye mkono uliofungwa, na mama yake, Bi Rukia, mwanamke mfupi aliyekaa wima kwenye kiti bila kuegemea.

"Mwanangu si mkaidi," Bi Rukia alisema kabla ya kuulizwa. "Ukimwambia kaa, hukaa mpaka umwambie inuka."

"Mama, hatusemi ni mkaidi," Daktari Muthoni akamjibu. "Tunataka tu kujua alifunzwa nini. Kazungu, weka hiyo video tuone."

Nikaiweka. Ilionekana ukutani, kubwa, na jiriwa yake. Tuliitazama dakika zote sita. Mwanaidi aliitazama kidogo, kisha akageuka akanitazama mimi, na hakuutoa uso wake kwangu mpaka ilipokwisha. Nilishughulika na waya wa kompyuta.

"Hii video iko sawa kabisa," Daktari Muthoni akasema. "Mwanaidi, wewe unasema aje?"

Akauvuta mkoba wake mapajani. "Labda nilisahau, daktari," akasema.

Ikaamuliwa kwamba hakufuata maelekezo ya usalama. Kazi yake ikasimamishwa, akakatazwa mashine, akaambiwa arudie mwaka. Aliondoka na mama yake. Mwaka uliofuata hakuja kurudia. Mimi nilipewa barua ya pongezi kwa masomo yangu, na ndani yake waliniita mwalimu. Niliisoma barua hiyo mara nyingi.

Kuna jambo la kazi hapa ambalo sikulielewa, na ndilo lililonikamata. Mnapopakia somo kwenye mtandao mnadhani liko mahali pamoja, na kwamba mkilibadilisha limebadilika. Sivyo ilivyo kwetu. Wanafunzi wetu hupakua mara moja, mahali penye mtandao mzuri, kisha hupeana simu kwa simu, kwa sababu hakuna gharama. Somo likishatoka halirudi.

Mwaka uliofuata, Ijumaa moja, nilimkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeitwa Dama amekishika kipande cha chuma kwa mkono, mashine imekwisha washwa. Niliruka nikaizima.

"We Dama! Jiriwa iko wapi?"

"Lo, mwalimu, umenishtua! Si wewe mwenyewe hushika hivi?"

"Mimi? Wapi?"

"Kwenye video."

"Video ipi?"

Akatoa simu mfukoni. "Hii. Alinipa binamu yangu wa Malindi, naye alipewa na rafiki zake. Mtandao wa chuo unakula data, mwalimu, nani atautumia?"

Nikauona mkono wangu wa kushoto umeshika kazi, bila kitu, picha ikiwa safi sana.

Ningelisema papo hapo. Wanafunzi kumi na wanane walikuwa wametuzunguka. Ilitosha kusema: hiyo ina kosa, kosa ni langu, ifuteni na mwambieni kila mliyempa. Lakini wangeuliza kwa nini ya mtandaoni ni tofauti, ilibadilishwa lini. Nikamwambia Dama, "Hiyo ilikuwa ya majaribio. Ifute." Kwa wiki nzima nikazunguka nikiomba kuona simu za wanafunzi, nikisingizia kwamba napima kama zina nafasi ya kutosha kwa masomo mapya. Mtu wa umri wangu, napekua simu za watoto wa watu ili nifute mkono wangu. Kwenye simu ya nne nikaikuta video ile tena, na mwenye simu akaniambia kwamba amewapa dada zake wawili, mmoja yuko chuo kingine. Nikamrudishia simu. Nilielewa kwamba sitaweza kuifuta, na kwamba mahali fulani kuna mtu ananitazama sasa hivi anajifunza kukatwa mkono.

Jumamosi nilikwenda Mambrui. Nyumba niliulizia msikitini, nikaonyeshwa. Nikapiga hodi.

"Karibu," sauti ikaitika. Bi Rukia alinitambua mara moja. Hakunialika kuketi. "Mwanaidi," aliita, "mwalimu wako huyu. Amekuja kukuonyesha namna ya kushika."

Mwanaidi alikuwa uani, amekaa mkekani, ana vifuu sita mbele yake. Alikuwa akitoboa kwa msumari uliotiwa moto, ameukamata kwa koleo, akikibana kifuu kwa nyayo zake mbili. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kimenyooka, hakifuati wenzake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikasema. Kisha nikasema nililokuwa nimejifunza kulisema njia nzima. "Video tuliyoitazama kikaoni siyo uliyoiona wewe. Niliibadilisha siku ile ile uliyoumia."

"Najua."

"Unajua?"

"Ile ya kwanza ninayo. Siku ya kikao ilikuwa kwenye simu, simu kwenye mkoba, mkoba mapajani."

"Sasa mbona hukuitoa?"

"Mwulize!" Bi Rukia akadakia. "Mimi nimemfinya chini ya meza mpaka nikaona haya. Itoe, mwanangu, itoe! Hataki."

Mwanaidi aliuweka msumari chini. "Nilikuwa nakungoja wewe," akaniambia. "Video ilipoanza nikasema, sasa hivi ataizima, aseme. Ilipofika katikati nikasema, sasa. Ilipokwisha nikasema, basi ataniita nje. Tulikaa getini na mama, nikamwambia tungoje kidogo." Akakigeuza kifuu. "Ningeitoa mimi ungeaibika mbele ya daktari. Nikaona si adabu, kama waweza kusema mwenyewe."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi utaiombaje huku Mambrui?" Bi Rukia akauliza. "Kikao kilikuwa Kilifi."

Nikaaga, nikarudi Kilifi.

Jumatatu asubuhi niliingia kwa Daktari Muthoni na karatasi mbili nilizoziandika kwa mkono, kila hatua na wakati wake. Alisoma ya kwanza akacheka kidogo.

"Kazungu, wacha mchezo."

"Soma ya pili, daktari."

Akasoma. "Hata shati?"

"Hata shati."

Aliziweka karatasi mezani. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Huyo msichana alisema amesahau. Na mimi nikaandika amesahau, nikatia sahihi." Kisha akanitazama. "Unajua ningekuamini? Ungeniambia siku ile umekosea kukata video, ningesema, Kazungu, rekebisha, tuendelee. Hiyo tu."

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko lolote nililoambiwa. Nilikuwa nimeulinda uongo ambao hakuna aliyekuwa akiuhitaji ila mimi.

Uamuzi ukafutwa. Barua ikaandikwa kwa Bi Rukia, naye akaomba isomwe kikaoni, Kilifi, mbele ya watu wale wale, ikasomwa. Mwanaidi akarudishwa mwaka wake. Mimi nikaomba kustaafu mapema, nikakubaliwa, kwa sharti kwamba nimalize muhula. Barua ya pongezi niliirudisha, ingawa hakuna aliyeniomba.

Kabla ya kuondoka nilisimama mbele ya idara nzima, nikaionyesha video ya kwanza ukutani, nikaeleza nilichokata na nilichofanya baadaye, na kumwomba kila mtu awaambie wote aliowapa. Nilitarajia minong'ono, kicheko, labda matusi. Mwanaidi alikuwa safu ya pili, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, masomo ni thelathini na nane," akasema. "Hayo mengine je?"

Nikamwuliza ana maana gani.

"Yote yana dakika sita kamili."

Hivyo ndivyo nilivyoumaliza muhula wangu wa mwisho. Kila Jumanne na Alhamisi, tuliketi mimi naye kwenye chumba cha kompyuta, tukatazama moja baada ya moja, somo la kwanza hadi la thelathini na nane, yeye akiwa na daftari. Alipoona mkono wangu unaruka kutoka mahali hadi mahali, au pumzi inakatika katikati ya sentensi, alisimamisha picha, akauliza palikuwa na nini hapo. Baadhi niliyakumbuka: neno kuhusu miwani, neno kuhusu nywele ndefu kukaribia mkanda wa msumeno, namna ya kujua kwamba gundi haijakauka. Tuliyapiga upya, naye ndiye aliyeshika kamera. Tulipofika la thelathini na moja, la kunoa patasi, alisimamisha.

"Hapa je, mwalimu? Ulikata nini?"

Nilitazama sana. Nikairudisha nyuma, nikaitazama tena. Nikamwambia sikumbuki.

Akaliinamia daftari, akaandika namba ya somo, dakika na sekunde. Mbele yake akaandika: Hakumbuki.